Ganda la boti kuukuu linavyoweza kuwa mtaji au mzigo

KWENYE fukwe na mialo mingi ya Tanzania, kuanzia Tanga na Bagamoyo hadi Mwanza na Musoma, si ajabu kukuta boti ya faiba iliyotelekezwa juu ya mchanga. Nyingine ilikuwa ya kubeba watalii, nyingine ya wazamiaji, nyingine ya kampuni iliyokwisha kufunga shughuli zake. Injini imeng'olewa, rangi imefifia, kuku wanatagia chini ya sitaha na watoto wamepageuza mahali pa kuchezea. Mwenyewe anachotaka ni iondoke tu.

Kwa mvuvi mdogo anayetaka kuachana na mtumbwi wa mbao unaovuja, kwa mkulima wa mwani anayehitaji kufuata maji ya kina kirefu, au kwa mfanyabiashara wa dagaa anayelipia chombo cha mtu mwingine kila siku, ganda kama hilo ni fursa. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno.

Hata hivyo, si kila chungu anayelifuata ganda hilo hurudi na sukari. Wapo wanaonunua boti kuukuu kwa bei ya kutupa, wakaipiga rangi, wakafunga mashine mpya, na baada ya miezi michache sehemu ya nyuma ikaanza kulegea. Wengine huishia kutumia fedha nyingi kuliko ambazo zingewapa boti mpya. Wachache wenye bahati mbaya zaidi hupoteza mashine yenyewe, iliyong'oka na kuzama chombo kikiwa safarini.

Tofauti kati ya anayepata na anayekosa iko katika jambo moja: faiba haiozi, bali mbao iliyofichwa ndani yake ndiyo inayooza. Anayenunua ganda kwa kutazama rangi ananunua asichokijua.

Boti ya faiba ni nini hasa

Boti za faiba zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1940, na baadaye zikaenea dunia nzima kwa sababu hazihitaji kupigwa kalafati kila mara na haziliwi na minyoo ya baharini. Nyuzi nyembamba za kioo hulowekwa katika resini ya maji maji, nayo huganda na kuwa kitu kimoja kigumu. Juu yake kuna ngozi laini ya rangi ambayo mafundi huiita jelikoti. Kazi ya ngozi hiyo ni kuyazuia maji na jua visifike kwenye nyuzi.

Tatizo ni kwamba faiba peke yake hunepa. Ili kuikaza, watengenezaji wengi wa zamani waliweka mbao ndani na kuifunika kwa faiba pande zote. Kuna plaiwudi katika ukuta wa nyuma unaobeba injini, kuna mihimili ya mbao inayopita chini kutoka omo hadi shetri, na mara nyingi sakafu nayo ni plaiwudi iliyofunikwa. Mbao hizo zikiwa kavu, boti hudumu miongo. Tundu moja la skrubu ambalo halikuzibwa vizuri likipitisha maji, mbao huanza kuoza polepole na hakuna anayeona, kwa kuwa nje faiba bado inang'aa.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hawashangai kukuta ukuta wa nyuma ambao ndani umekuwa kama majani ya chai yaliyolowa.

Kupima kabla ya kulipa

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mnunuzi anayekwenda kutazama ganda anapaswa kubeba nyundo ndogo, kamba ndefu, tochi, bisibisi na ikiwezekana mashine ya kutoboa. Kazi hii huchukua saa mbili hivi, na ndizo saa zenye faida kubwa kuliko zote katika mradi mzima.

Kwanza, gonga. Tumia mpini wa nyundo au sarafu nzito, gonga taratibu kila baada ya sentimita chache, ukianzia ukuta wa nyuma. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na mkali. Mahali palipooza, au ambapo matabaka ya faiba yameachana, hutoa mlio mzito kama wa kugonga boksi lililolowa. Weka alama ya chaki kila unapousikia mlio huo.

Pili, tembea ndani. Sakafu inayobonyea chini ya kisigino imekwisha kuoza. Ukuta wa nyuma nao ushikwe kwa juu na kuvutwa kwa nguvu mbele na nyuma. Ukicheza, hata kidogo, mbao yake ndani haipo tena.

Tatu, omba ruhusa ya kutoboa tundu dogo la milimita 5 upande wa ndani wa ukuta wa nyuma, chini karibu na sakafu, ambako maji hukusanyika. Unga unaotoka ukiwa mkavu na mweupe wa rangi ya mbao, hiyo ni heri. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka uvundo, mnunuzi amepata jibu. Tundu hilo huzibwa kwa tone la resini. Muuzaji akikataa kabisa litobolewe, pengine anajua kilichomo.

Nne, chunguza nyufa. Nyufa zinazosambaa kama nyota huonyesha mahali chombo kilipogonga mwamba au gati. Nyufa zilizopangana sambamba kwenye kona huonyesha kuwa sehemu hiyo hunepa kupita kiasi. Nyufa za ngozi ya juu tu si tatizo kubwa, lakini zile zinazoonekana pia upande wa ndani zimekata nyuzi. Malengelenge chini ya boti nayo yatobolewe moja au mawili. Maji yanayotoka yakiwa na harufu kali kama ya siki, maji yamekwisha kuingia katika faiba yenyewe na ganda litahitaji kukaushwa kwa muda mrefu.

Tano, vuta kamba kutoka shetri kuelekea katikati, chini ya tumbo la boti. Ganda lililolala juu ya mawe kwa miaka huweza kupinda, na boti iliyopinda haitakwenda vizuri hata ikifungwa mashine ya nguvu kiasi gani. Kasoro hiyo ni ngumu na ghali kurekebisha.

Zaidi ya hayo, mnunuzi adai hati. Karatasi ya usajili wa zamani, au hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa au kijiji, humkinga asije kuambiwa kesho kwamba amenunua mali ya wizi.

Hesabu inayookoa mtaji

Wajasiriamali wengi hukosea kwa kulinganisha bei ya ganda na bei ya boti mpya. Ulinganisho sahihi ni kati ya boti mpya na ganda likiwa limekwisha kurekebishwa na kuelea.

Chukulia mfano ufuatao. Namba zake ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko, na kila mmoja aweke bei za mahali pake. Boti mpya ya urefu wa mita 6 iwe Sh10 milioni. Ganda kuukuu la ukubwa huo linauzwa Sh1.2 milioni na kulisafirisha ni Sh300,000. Ikiwa kilichooza ni ukuta wa nyuma pekee, vifaa viwe Sh1.8 milioni, fundi Sh900,000, rangi na vifungo Sh300,000. Jumla ni Sh4.5 milioni. Ongeza asilimia 20 ya dharura, yaani Sh900,000, na jumla inakuwa Sh5.4 milioni. Hapo mnunuzi ameokoa karibu nusu ya bei.

Sasa chukulia ganda lilelile, kwa bei ileile, lakini mihimili na sakafu navyo vimeoza. Vifaa vinapanda hadi Sh3.6 milioni na fundi Sh1.8 milioni. Jumla inakuwa Sh7.2 milioni, na pamoja na dharura inafika Sh8.64 milioni. Kwa fedha hizo mtu amebaki na boti kuukuu iliyoshonwa viraka, ambayo akitaka kuiuza hatapata bei ya mpya.

Kwa nje maganda hayo mawili yanafanana kabisa. Kinachoyatofautisha kwa zaidi ya Sh3 milioni ni tundu la milimita 5 na kisigino kilichokanyaga sakafu.

Kanuni rahisi ni hii: gharama yote, pamoja na dharura, ikizidi asilimia 60 ya bei ya boti mpya ya ukubwa huo, ni bora kuliacha ganda na kuendelea kuweka akiba. Kumwambia muuzaji ahsante na kuondoka nako ni faida.

Msimu na mahali pa kazi

Faiba haipendi maji wakati wa kazi. Resini ikiwekwa juu ya mbao au ganda lenye unyevu haishiki, hata kama kwa macho inaonekana imeganda. Kwa hiyo kazi isianzwe wakati wa masika. Kipindi cha Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na upepo wa kusi ukiwa mkali kiasi cha kuwalaza wavuvi wadogo wa pwani, ndicho kinachofaa kwa wengi. Mapato ya kuvua yako chini wakati huo, na muda wa kukausha upo.

Ganda liinuliwe kutoka ardhini, liwekwe juu ya magogo yanayolibeba sawasawa ili lisipinde, na liwe chini ya paa lenye kupitisha hewa. Jua kali nalo ni adui, kwa sababu huifanya resini igande kabla fundi hajaisambaza. Mafundi wengi huipaka asubuhi, baada ya umande kukauka na kabla ya joto la mchana.

Kutoa kilichooza

Kazi yenyewe huanza kwa kupunguza. Boti ya watalii huwa na kibanda, viti vya sponji, kioo cha mbele na mapambo ambayo mvuvi hana haja nayo. Vyote hivyo ni uzito. Lakini hapa kuna mtego. Sitaha na kibanda mara nyingi ndivyo vinavyoyakaza mabavu ya boti yasifunguke. Anayevikata bila kuweka kitu kingine hujikuta na chombo kinachotanuka na kubana kila wimbi linapopita. Kabla ya kukata, yawekwe maboriti ya muda ya kukingama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Baada ya kukata, ukingo wa juu uimarishwe kwa mbao iliyofunikwa kwa faiba kuzunguka boti nzima, na mabenchi yaunganishwe na mabavu kwa faiba yabebe kazi ya ile sitaha iliyotolewa.

Kwa ukuta wa nyuma, njia inayotumika sana ni kukata ngozi ya faiba ya ndani na kuiacha ya nje ikiwa nzima, kwani hiyo ndiyo itakayohifadhi umbo. Mbao iliyooza huchimbwa yote kwa patasi mpaka ibaki faiba tupu. Kuacha kipande kwa kuwa kinaonekana kizima kidogo ni kuacha mbegu ya uozo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio unaobeba mashine.

Baada ya kukauka, uso wote husagwa kwa grainda na msasa mkali mpaka ung'avu uondoke. Resini mpya haiyeyukii ndani ya faiba ya zamani. Hushika kwa mikwaruzo tu, na mahali panapong'aa haitashika. Ufa au tundu nalo lisizibwe kwa kiraka kilichobandikwa juu. Kingo zake zisagwe zishuke kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa ganda. Ganda la unene wa milimita 6 linahitaji mteremko wa milimita 72 kila upande.

Plaiwudi mpya iwe ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Karatasi mbili za milimita 18 zikiunganishwa hutoa unene wa karibu inchi moja na nusu, unaotosha mashine nyingi ndogo. Kiolezo cha boksi hukatwa kwanza, kikapimwa mpaka kikae sawasawa, ndipo plaiwudi ikatwe. Pande zote za mbao, hasa kingo, hunyweshwa resini kabla ya kuwekwa. Kisha hubandikwa kwa resini nzito iliyochanganywa na unga wake maalumu, hukazwa kwa jiriwa, na pembe zake hujazwa ziwe za mviringo ili mkeka wa faiba upite bila kuacha mfuko wa hewa. Juu yake huwekwa matabaka matatu au zaidi ya mkeka, kila moja likiwa pana kuliko lililotangulia, yakipanda hadi kwenye mabavu na kushuka hadi sakafuni.

Kabla ya kukata kimo cha ukuta huo, mashine inayokusudiwa ijulikane. Zenye mguu mfupi hutengenezwa kwa ukuta wa takriban inchi 15, yaani sentimita 38, na zenye mguu mrefu inchi 20, yaani sentimita 51. Uzito nao ujulikane: mashine za nguvu-farasi 15 huwa na kati ya kilo 35 na 50, na za 40 hufika kilo 70 au zaidi.

Kipimo cha resini na hadina

Wengi hununua resini kwa kukisia. Wengine huishiwa katikati ya kazi, wengine hubaki na dumu linaloharibika. Hesabu yake si ngumu. Mkeka wa faiba huuzwa kwa uzito wa gramu kwa mita ya mraba, na unaotumika sana ni wa gramu 450 au 300. Resini inayohitajika ni takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka.

Sakafu ya mita 4 kwa mita 1.4 ina mita za mraba 5.6. Matabaka mawili ya mkeka wa gramu 450 yana uzito wa kilo 5 hivi. Resini yake, kwa mara mbili na nusu, ni kilo 12.6. Ukiongeza asilimia 15 kwa ile inayopotea kwenye ndoo na brashi, nunua kilo 14 na nusu.

Dawa ya kugandisha, maarufu kwa jina la hadina, huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Joto likiwa kali, tumia kiasi cha chini. Kuzidisha ili kazi iishe haraka hufanya resini ichemke, ikunjamane na kupasuka. Kupunguza kupita kiasi huiacha laini daima. Changanya kilo moja moja, na utumie mizani ndogo badala ya kukadiria kwa kifuniko cha chupa.

Rola ya chuma ipitishwe mpaka povu na weupe vipotee. Sehemu nyeupe ni hewa iliyonaswa, na hapo ndipo faiba itakapoachana.

Hatari kwa fundi

Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Fundi anayesaga avae barakoa ya vumbi inayobana, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, na asisage karibu na mahali pa kupikia au watoto wanapocheza. Mvuke wa resini hulevya na hushika moto kwa urahisi. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Hadina ndiyo hatari zaidi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Aidha, resini nyingine huuzwa pamoja na kichocheo cha rangi ya zambarau. Kichocheo hicho na hadina visikutanishwe vyenyewe kwa vyenyewe hata kidogo, kwani huweza kulipuka. Kichocheo huchanganywa kwanza na resini yote, hadina huja mwisho. Hadina isichanganywe na asitoni pia.

Vipande na vumbi vya faiba visichomwe wala kutupwa majini. Mwaka 2024 watafiti nchini Uingereza waliripoti kukuta chembe za faiba ndani ya chaza na kome katika bandari ya Chichester, mahali penye boti nyingi. Anayesaga faiba ufukweni bila kutandika turubai anaumwaga uchafu huo pale anapovua.

Boti isiyozama

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji mara nyingi hubaki ukielea, na watu huushikilia hadi wapate msaada. Faiba ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Boti ya faiba isiyo na vifaa vya kuelea ikijaa maji, huzama na mashine yake na kuwaacha watu mikono mitupu.

Watengenezaji wa boti nyingi huweka povu gumu chini ya sakafu na pembeni kwa sababu hiyo. Wanaokarabati hulikuta limelowa, hulitupa, na wengi hawarudishi kitu ili wapate nafasi ya mzigo. Hilo ni kosa linaloua.

Kiasi kinachohitajika hukadiriwa hivi. Ganda la kilo 400, likiwa ndani ya maji, bado huvuta chini kwa takriban kilo 130. Ongeza mashine na vyuma, kilo 70, jumla kilo 200. Lita moja ya hewa iliyofungwa au povu jepesi hubeba karibu kilo moja, kwa hiyo lita 200 ni za kulizuia ganda lisizame tu. Ili watu nao wapate cha kushikilia, ziwe lita 300 hadi 400. Madumu 15 hadi 20 ya lita 20, yaliyofungwa vizuri, hutosha kwa anayeshindwa kununua povu.

Yasirundikwe yote chini ya sakafu, maana boti ikijaa maji yataisukuma sakafu juu na kuipindua. Mengi yakae juu kwenye mabavu, chini ya mabenchi na nyuma karibu na mashine, na yafungwe kwa mikanda na mbao yasichomoke.

Kabla ya kufunga mashine, jaribio lifanyike kwenye maji ya kiunoni. Vyuma vyenye uzito sawa na mashine vifungwe nyuma, boti ijazwe maji mpaka ukingoni, na watu wawili washikilie ubavu. Ikibaki inaelea wima, kazi imefaulu. Ikizama hapo, hakuna aliyepoteza kitu.

Mkuku nao uongezewe matabaka mawili au matatu ya faiba, kwani boti ya watalii ilizoea gati na boti ya mvuvi itaburutwa mchangani kila siku. Kila tundu la bolti litobolewe kubwa kuliko bolti yenyewe, lijazwe resini, kisha litobolewe tena kwa kipimo chake. Kwa njia hiyo maji hayatagusa mbao.

Sheria na ukaguzi

Chombo cha uvuvi Tanzania Bara husajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Pa kuanzia ni kwa afisa uvuvi wa halmashauri na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika, maarufu kama BMU. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na kwa upande wa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Boti iliyosajiliwa kwa uvuvi haigeuki kuwa ya abiria kwa kuongezewa mabenchi. Anayekusudia kubeba watu aseme tangu mwanzo, ili chombo kikaguliwe kwa kazi hiyo na maboya ya kujiokolea yatoshe idadi ya watu.

Ni vyema pia kupiga picha kila hatua, ukuta ukiwa wazi, mbao mpya zikiwekwa na faiba ikipakwa. Siku boti hiyo itakapouzwa, mnunuzi atakayefika na nyundo na tochi yake ataonyeshwa kilichomo ndani bila kutoboa tundu, na mwenye boti atakuwa na sababu ya kudai bei nzuri.